Faili linafunguka Kigoma, Bujumbura linakataliwa: programu inapimwaje dhidi ya kiwango?

Swali

Shikamoo dada. Niko Mwanga, Kigoma, ninaandika programu katika ofisi ya wakala wa mizigo. Programu yetu hutengeneza faili la JSON (maandishi yaliyopangwa ili kompyuta zibadilishane data) lenye taarifa za shehena inayovuka ziwa, kisha tunalituma kwa wenzetu Bujumbura. Wiki iliyopita wamelirudisha wakisema "halikidhi kiwango". Kwetu linafunguka bila shida, na nikilipitisha kwenye tovuti za kukagua JSON linaonyesha kijani. Kipande chake ni hiki:

{"kuondoka": "05/03/2025 2:15", "thamani": 1250000.50, "sarafu": "BIF"}

Bosi anataka cheti cha kuonyesha kwamba programu yetu inakidhi viwango vya kimataifa. Nianzie wapi, na cheti hicho kinatolewa na nani?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, halafu nikakaa na kile kipande cha faili kwa muda mrefu zaidi, maana sehemu kubwa ya jibu imo humo. Wenzako wa Bujumbura hawakukuonea. Na wewe hukusema uongo uliposema faili linafunguka. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na ukishaelewa kwa nini, umeshaelewa nusu ya kazi ya kupima programu dhidi ya viwango.

Faili lako ni JSON safi. Kanuni za JSON zimo katika waraka uitwao RFC 8259 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti), wa mwaka 2017, na kipande chako hakivunji hata moja: mabano yamefungwa, majina yamo ndani ya alama za kunukuu, namba imeandikwa kama namba. Ile tovuti iliyokuonyesha kijani imepima hayo basi. Tarehe haikuipima, kwa sababu mbele ya JSON "05/03/2025 2:15" ni maandishi kama maandishi mengine. Ungeandika "kesho jioni" ungeona kijani kilekile. Fedha nayo haikuipima, kwa sababu JSON haijui faranga ya Burundi ni kitu gani. Ndani ya kipande chako kuna viwango visivyopungua vitatu, kimoja juu ya kingine, na kila kimoja kina hukumu yake. Wewe umefaulu cha chini kabisa ukadhani umefaulu vyote.

Kwa hiyo hilo neno "inakidhi viwango" msilitumie ofisini likiwa limesimama peke yake. Hakuna mtu anayedaiwa kwa ujumla: anadaiwa na fulani, kiasi fulani, tangu siku fulani. Programu nayo hukidhi kiwango fulani, toleo fulani, kifungu fulani. Kabla hujagusa msimbo, waandikie Bujumbura barua fupi ya heshima uwaulize: mmelipima faili letu kwa kiwango gani, toleo lipi, na ni kifungu kipi tulichokivunja? Wakijibu kwa namba ya kifungu, mna jambo la kufanyia kazi. Wakijibu "mfumo umekataa", basi na wao wana kazi ya kufanya upande wao.

Ninashuku pia kwamba waraka muhimu kuliko yote haupo: makubaliano yenu wenyewe ya faili. Ofisi nyingi huanza kubadilishana data kwa simu mbili na barua pepe tatu, halafu kila upande unabaki na kumbukumbu yake. Kaeni muandike kurasa mbili tu. Kila sehemu ya faili inaitwaje, ni ya lazima au ya hiari, inafuata kiwango gani, ina kipimo gani. Na mkishaandika, pimeni faili dhidi ya huo waraka, msiishie kuuweka kwenye kabati. Mwaka 1999 chombo cha NASA kilichokwenda kuchunguza hali ya hewa ya sayari ya Mars kilipotea siku ya kuwasili, tarehe 23 Septemba. Programu ya huku duniani iliyoandika faili la misukumo midogo ya injini ilitumia pauni, mfumo wa vipimo wa Kiingereza, wakati waraka wa makubaliano ya faili hilo ulidai niutoni. Moja ni kubwa kuliko nyingine kwa takribani mara 4.45. Waraka ulikuwepo, na miezi ya mwisho ya safari faili lilikuwa likifunguka na kusomeka. Hicho ndicho kinachonifanya nisiache kurudia jambo hili kwa vijana: kusomeka kwa faili hakujawahi kuwa kipimo cha ukweli wa kilichomo.

Sasa namna ya kusoma waraka wa kiwango. RFC zinapatikana bure kwenye mtandao, hivyo huna sababu ya kutegemea muhtasari wa mtu. Mwaka 1997 Scott Bradner aliandika RFC 2119, inayoweka maana rasmi ya maneno machache ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili mimi huyaita LAZIMA, INAPASA na INARUHUSIWA. LAZIMA haina mjadala. INAPASA maana yake unaweza kuacha ukiwa na sababu halali, mradi unajua unachokiacha na madhara yake. INARUHUSIWA ni hiari ya mwandishi wa programu. Miaka 20 baadaye RFC 8174 ikafafanua kwamba maana hizo zinashika pale tu maneno hayo yanapoandikwa kwa herufi kubwa. Shika kalamu ya rangi, pita ukurasa kwa ukurasa, na kila unapokuta LAZIMA andika majaribio mawili: moja linalotii na moja linalovunja.

INAPASA ndiyo yenye mtego. RFC 8259 inasema majina ndani ya kitu kimoja inapasa yasirudiwe. Haikusema lazima. Kwa hiyo faili lenye "sarafu" mara mbili, ya kwanza TZS na ya pili BIF, halijatoka nje ya JSON, na programu mbili zinaweza kulisoma tofauti bila yeyote kuwa na hatia: nyingi hushika ya mwisho, nyingine hukataa faili zima. Kwenye makubaliano yenu mnayo haki ya kukaza pale kiwango kilipolegeza. Andikeni LAZIMA, kisha muwe na jaribio lake.

Twende kwenye tarehe. Hapa nitakaa, kwa kuwa Kigoma ni mahali ambapo saa inaweza kukosewa kwa njia tatu ndani ya herufi chache.

Njia ya kwanza ni mpangilio. 05/03 kwetu ni tarehe 5 Machi. Kwa Mmarekani ni tarehe 3 Mei. Tarehe ikiwa 25/03 kosa hujifichua lenyewe, maana hakuna mwezi wa 25. Siku 12 za mwanzo wa kila mwezi ndizo zinazodanganya kimya kimya. Kwa hiyo ukipima kwa tarehe ya 25 peke yake utajiona umesalimika.

Njia ya pili ni ukanda wa saa. Tanzania iko saa tatu mbele ya UTC, saa ya dunia ya kulinganishia, mwaka mzima. Burundi, Zambia na mashariki ya Kongo, yaani bandari zote mnazozitazama ng'ambo ya ziwa, ziko saa mbili mbele. Meli inayoondoka Kigoma saa mbili na robo asubuhi, kwa Bujumbura imeondoka saa moja na robo. Faili lisilotaja ukanda linamwachia msomaji akisie, naye atakisia saa ya kwake.

Njia ya tatu ni Kiswahili chenyewe. Nina hakika karani wako aliyeandika 2:15 alimaanisha saa mbili na robo asubuhi, kama anavyosema kila siku. Kompyuta imeelewa saa nane na robo usiku.

Dawa ya njia mbili za kwanza iko kwenye RFC 3339 ya mwaka 2002, ambayo imechukua kiwango kikubwa cha tarehe na saa, ISO 8601 cha shirika la kimataifa la viwango (ISO), na kukibana kwa ajili ya intaneti. Safari yenu ingeandikwa hivi: 2025-03-05T08:15:00+03:00. Mwaka kwanza, mwezi, siku, kisha saa, na mwisho tofauti na UTC. Tofauti hiyo ni ya lazima, na sekunde ni za lazima pia. Angalia hapo: ISO 8601 inakubali uache sekunde, RFC 3339 haikubali. Kwa hiyo 2025-03-05T08:15+03:00 inafaulu kiwango kimoja na kufeli kingine. Ndiyo maana nimekusihi utaje kiwango kwa jina.

Na toleo vilevile. Kuandika usiku wa manane wa mwisho wa siku kama 24:00:00 kuliruhusiwa katika matoleo ya zamani ya ISO 8601. Toleo la 2019 likakataza. Rekebisho la 2022 likarudisha. RFC 3339 haikuruhusu tangu mwanzo. Mtu akikuambia "tunafuata ISO 8601" bila mwaka, hujui kama atalipokea faili lenye 24:00:00 au atalirudisha.

Majaribio yenyewe sasa. Programu yako ikubali 2024-02-29 na 2000-02-29. Ikatae 2025-02-29 na 1900-02-29, maana mwaka 1900 haukuwa mrefu ingawa unagawanyika kwa nne. Ikatae mwezi wa 13. Ikatae saa isiyo na ukanda. Kisha jaribio ambalo kwenu ni la mkate wa kila siku: shehena iliyosajiliwa Kigoma 2025-01-01T00:30:00+03:00 ionekane Bujumbura kuwa 2024-12-31T23:30:00+02:00. Dakika ni ileile, lakini siku ni nyingine, mwezi mwingine na mwaka mwingine. Kama ripoti zenu za mwaka zinahesabu kwa tarehe, mzigo huo utakuwa wa 2025 kwenu na wa 2024 kwao, na wote mko sahihi. Ni vema mjue kabla mkaguzi wa mahesabu hajauliza.

Ongeza pia tarehe 30 Desemba 2024. Katika baadhi ya lugha za programu, Java ikiwemo, alama ya mwaka ikiandikwa kwa Y kubwa badala ya y ndogo hutoa mwaka wa wiki, na Jumatatu ile inahesabiwa katika wiki ya kwanza ya 2025. Programu hufanya kazi vizuri miezi kumi na miwili kasoro siku chache, halafu mwisho wa Desemba inaandika mwaka ambao haujafika. Bila jaribio la tarehe hiyo hasa, hutaliona kosa hadi sikukuu.

Lakini ile njia ya tatu, ya saa ya Kiswahili, hakuna kiwango kitakachokuokoa nayo. Karani akiingiza 2:15 na programu ikaandika 2025-03-05T02:15:00+03:00, faili litafaulu kila jaribio la RFC 3339. Litakuwa linakidhi kiwango na linasema uongo. Hapo unahitaji upimaji wa aina nyingine, wa kukaa na watu. Weka kwenye skrini chaguo la asubuhi, mchana, jioni na usiku. Karani akishaandika, programu imsomee kwa maneno: "saa mbili na robo asubuhi". Kisha nenda bandarini, nenda na Kibirizi kwenye maboti, umkabidhi mtu anayeandika orodha za mizigo huku wapagazi wanamwita, umtazame bila kumsaidia. Nusu saa ya kumtazama itakufundisha mengi kuliko siku nzima mbele ya kompyuta yako.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Alama za sarafu ziko katika ISO 4217, na kiwango hicho hakitoi herufi tatu tu, kinasema pia sarafu ina tarakimu ngapi baada ya nukta. Shilingi ya Tanzania, TZS, ina mbili. Faranga ya Burundi, BIF, haina hata moja. Thamani yako ya 1250000.50 BIF kwa hiyo haiwezekani, na nadhani hilo ni moja ya mambo yaliyowafanya warudishe faili. Zambia ilipokata sifuri tatu, tarehe 1 Januari 2013, alama yake ilibadilika kutoka ZMK kuwa ZMW. Kama mnapeleka mizigo Mpulungu, weka jaribio la kukataa ZMK kwa shehena za leo. Maktaba za programu za zamani bado zina orodha za zamani.

Majina nayo. Wateja wa ng'ambo wana majina ya Kifaransa yenye é na ç. RFC 8259 inadai JSON inayotoka mfumo mmoja kwenda mwingine iwe kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kwa baiti, ambamo é ni baiti mbili, C3 na A9. Faili likihifadhiwa kwa mfumo wa zamani wa Ulaya Magharibi, é inakuwa baiti moja, E9, na msomaji anayefuata kiwango ana haki ya kulikataa. Usilipime kwa kutazama skrini, maana skrini ina huruma, hukisia na kurekebisha. Pima baiti.

Jambo la kontena hukuuliza, ila kwa kuwa mizigo yenu mingi inafika kwa reli kutoka Dar es Salaam ikiwa ndani ya makontena, nitalitumia kukuonyesha jaribio zuri linavyojengwa. Namba ya kontena inafuata ISO 6346: herufi nne, tarakimu sita, na tarakimu moja ya mwisho ya kuhakiki zile zilizotangulia. Mfano unaotumika sana kufundishia ni CSQU3054383. Hesabu yake unaifanya kwa kalamu. Kila herufi ina thamani, A ikianza na 10, lakini unaruka 11, 22 na 33, hivyo B ni 12. C inakuwa 13, S 30, Q 28, U 32. Zidisha thamani ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ukiongeza maradufu hadi ya kumi unayoizidisha kwa 512. Jumla ya CSQU305438 ni 6185. Gawanya kwa 11, kinabaki 3. Tarakimu ya mwisho ni 3, sawasawa na namba yenyewe.

Mwandishi aliyesoma kiwango haraka, akaipa B thamani ya 11 na kuendelea mfululizo, atapata 7. Jaribio hili moja linamkamata. Karani akipindua tarakimu mbili akaandika CSQU3045383, baki ni 1 wala si 3, na programu inatakiwa imwambie papo hapo. Kisha kuna pembe ambayo wengi hawaifikii: baki likiwa 10, tarakimu inaandikwa 0. Jaribu CSQU305430. Jumla ni 2089, baki ni 10, kwa hiyo namba kamili ni CSQU3054300. Kiwango kinashauri namba za namna hiyo ziepukwe, lakini hilo halimaanishi hutakutana nazo, na programu nyingi zikifika hapo huandika 10 na kuharibu urefu wa namba.

Umeona majibu sahihi nimeyatoa wapi? Nimeyatoa kwenye kanuni na kalamu. Programu sikuiuliza. Hili nililipia gharama, na ninakuomba ulipokee kwa uzito.

Nikiwa kijana nilifanya kazi Tabora kwenye mfumo wa kupokea tumbaku. Marobota yalipimwa uzito, daraja likaandikwa, faili likaenda kwa mnunuzi. Programu ya kutuma niliiandika mimi na ya kupokea aliiandika mwenzangu wa meza ya pili. Majaribio niliyatengeneza kwa njia rahisi: naendesha programu, nachukua ilichotoa, nakihifadhi kama jibu sahihi, siku inayofuata nalinganisha. Misimu miwili yote yalikuwa kijani. Msimu wa tatu mnunuzi akabadilisha mfumo wake wa kupokea, ukaja mwingine ulioandikwa na watu wasiotujua, na siku ya kwanza ya soko kila faili likarudi. Tulikuwa tumekosea mpangilio wa tarehe na nukta za uzito tangu siku ya kwanza, sote wawili, kwa namna ileile. Wakulima walisubiri malipo yao siku nyingi kwa sababu yangu. Kuna mzee mmoja alikuja ofisini kila asubuhi, anasalimia, anakaa kwenye benchi, hasemi neno. Sijamsahau.

Majaribio yangu yalikuwa yakithibitisha kwamba programu inafanana na yenyewe ilivyokuwa jana. Programu mbili zinazoelewana nazo hazithibitishi kiwango, zinathibitisha kwamba zinaelewana, hata kama kinachoziunganisha ni kosa moja. Kuelewana ni muhimu, nanyi mkipime pia na Bujumbura, lakini kipimo hicho kiwe cha pili. Jibu la kila jaribio lazima litoke nje ya programu: kwenye kifungu, kwenye mfano uliochapishwa na wenye kiwango, au kwenye hesabu uliyoifanya kwa mkono na mwenzako akaikagua.

Habari njema ni kwamba mengi yameshaandaliwa na watu wakarimu. Kwa JSON kuna mkusanyiko wa Nicolas Seriot wa mwaka 2016, mamia ya mafaili madogo ambayo majina yake huanza kwa y, n au i: yale ambayo msomaji lazima ayakubali, yale ambayo lazima ayakatae, na yale ambayo kiwango kimeacha wazi. Alipoyapitisha kwenye programu nyingi za kusoma JSON, alikuta hata zile maarufu zinatofautiana. Unicode, wenye kiwango cha herufi za lugha zote, nao huchapisha mafaili ya kupimia kanuni zao. Anza na hayo, kisha ongeza ya kwenu.

Usiwe na majaribio ya kukubali tu. Ninapokagua kazi za vijana hukuta mafaili 20 mazuri na baya moja. Mimi ningependa mabaya yawe mengi zaidi, maana programu inayokubali kila kitu itafaulu majaribio yote ya kukubali. Koma iliyozidi mwishoni, namba inayoanza na sifuri, mwezi wa 13, sarafu isiyokuwepo, kontena lenye tarakimu iliyopinduliwa. Na jaribio la kukataa lihakikishe pia sababu ya kukataa. Faili lenye mwezi wa 13 likikataliwa kwa kuwa njia ya faili imekosewa, hujapima kitu.

Kuhusu kuandika matokeo, kuna kiwango cha ISO/IEC 9646, kilichotungwa kwa ajili ya kupima mawasiliano ya kompyuta, na kina hekima ninayoipenda: hukumu ni tatu. Imefaulu, imefeli, au haikuamulika. Umeme ukikatika Mwanga katikati ya jaribio, au mtandao ukapotea faili likiwa njiani, hiyo ni ya tatu. Usiiandike kufeli ukaionea programu, wala usiirudie kimyakimya hadi ipite ukaiandika kufaulu. Iandike ilivyo, na sababu yake. Kiwango hichohicho kinataka mwenye programu atoe kwanza tamko la kile alichokitekeleza: kifungu hiki ndiyo, hiki cha hiari tumekiacha. Mpimaji hupima kile ulichotamka, na asiyetamka kitu hapimiki.

Sasa cheti cha bosi. Mwambie kwa upole kwamba ISO huandika viwango, haitoi vyeti. Vyeti hutolewa na taasisi nyingine, na kwa mambo maalumu ambayo yamewekewa utaratibu. Kadi za benki zina EMVCo, vifaa vya Wi-Fi vina Wi-Fi Alliance. Hapa kwetu TBS ndiyo taasisi ya taifa ya viwango. Mifumo ya taasisi za umma iko chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, na risiti za kodi zina taratibu za TRA. Faili la shehena baina ya ofisi mbili binafsi haliingii kirahisi katika mojawapo ya hayo. Cheti cha ISO 9001, ambacho huenda ndicho anachokiwaza, kinahusu namna ofisi inavyoendesha kazi zake. Hakisemi lolote kuhusu tarehe iliyomo ndani ya faili. Na akitokea mtu wa kuwauzia "cheti cha ISO 8601", shikeni pesa zenu.

Mnachoweza kutoa wenyewe, kihalali kabisa, ni tamko la ukidhi la mtoa bidhaa; lina hata kiwango chake, ISO/IEC 17050. Ni ukurasa mmoja. Jina la ofisi yenu, jina na toleo la programu, orodha ya viwango na matoleo yake, vifungu mlivyoviacha, tarehe ya kupima, majaribio mangapi na hukumu zake, na saini ya anayebeba dhamana. Ambatisha majaribio yenyewe ili Bujumbura wayaendeshe kwao. Mimi ningeliamini tamko la namna hiyo kuliko karatasi yenye muhuri isiyotaja kifungu. Likumbuke jambo moja: tamko ni la toleo lile lililopimwa. Ukibadilisha mstari mmoja, au ukisasisha maktaba ya tarehe, majaribio yote yanaendeshwa upya kabla toleo jipya halijatoka. Yafanye yajiendeshe kwa amri moja, la sivyo siku meli inasubiri hakuna atakayeyaendesha.

Wiki hii anza na mambo mawili tu, barua ya kuuliza kifungu na kurasa mbili za makubaliano. Wiki ijayo rekebisha tarehe na fedha. Na lile faili walilolirudisha usilifute. Lihifadhi jinsi lilivyo, na 05/03/2025 2:15 yake na senti hamsini za Burundi, liwe la kwanza katika yale ambayo programu yako lazima iyakatae.